Matibabu yamekwisha, mbona hofu ndiyo kwanza inaanza?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 44, nimeolewa na nina watoto wawili. Mwaka jana niligundulika kuwa na saratani ya titi la kushoto, hatua ya pili. Niliondolewa uvimbe, titi lenyewe likabaki, nikawekewa dripu za kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kisha nikapigwa mionzi. Saratani yangu ni ile inayolishwa na homoni, kwa hiyo sasa nameza tamoksifeni kila siku na nimeambiwa nitaimeza kwa miaka 5, pengine zaidi.

Wakati wa matibabu watu walinishangaa. Sikulia hovyo. Nywele zilipokatika nilijifunga kitambaa nikaenda kazini. Kila wiki ilikuwa na kazi yake: leo damu, kesho dripu, keshokutwa mionzi. Siku ya mwisho ya mionzi manesi walinipigia makofi, mume wangu akanipiga picha, daktari akaniambia, "Haya, tuonane baada ya miezi mitatu." Wote walifurahi. Mimi nilifika kwenye gari nikaanza kutetemeka. Miezi mitatu? Hapo katikati nani atakuwa ananiangalia?

Tangu hapo sijatulia. Nikiamka, kabla sijashuka kitandani mkono uko kifuani. Nabonyeza titi, nabonyeza kwapani, nabonyeza juu ya mtulinga. Bafuni narudia. Kazini najifungia chooni, narudia tena. Kuna sehemu zinauma na siku hizi sijui kama zinauma zenyewe au ni vidole vyangu. Mgongo ukinibana nikikaa muda mrefu, usiku naumalizia kwenye simu nikisoma habari za saratani iliyoingia mifupani. Nikikohoa, basi ni mapafu. Kichwa kikigonga, ni ubongo.

Mume wangu ni mtu mwema lakini amechoka. Mwanzoni nikimwambia "hebu gusa hapa" alikuwa anagusa, anasema hakuna kitu, natulia. Sasa nikimwambia anashusha pumzi tu. Anasema nimepona, nimshukuru Mungu, na kwamba nikiendelea kuwaza hivi nitairudisha saratani kwa mawazo yangu mwenyewe. Hilo la mwisho limenimaliza. Naogopa saratani, halafu naiogopa na hofu yenyewe.

Liko jingine. Kwenye kemo nilipata rafiki, viti vyetu vilikuwa jirani. Ndiye aliyekuwa akinichekesha hata siku ambazo mate yalikuwa machungu. Hivi karibuni nimesikia ya kwake imerudi, iko kwenye ini. Tangu siku hiyo sijapokea simu yake hata mara moja. Akipiga naitazama simu mpaka inyamaze.

Wiki tatu zijazo natakiwa kupiga picha ya matiti, ya kwanza tangu nimalize. Nataka kuiahirisha. Ndiyo, mimi huyuhuyu ninayejibonyeza kutwa, kipimo chenyewe nakikimbia. Papo hapo natafuta hospitali nyingine wanipige picha ya mwili mzima, utosini hadi unyayoni, na damu wanipime kila mwezi, nijue moja. Na usiku mwingine najilaumu kwa nini sikusema waondoe titi lote, tena yote mawili.

Nifanye nini, Shangazi, niishi kama zamani?

Nisiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye tarehe. Picha ya matiti usiiahirishe, nenda. Kabla ya siku yenyewe piga simu uulize majibu yatatoka lini na nani atakusomea, kwa maana kinachowatesa wengi ni zile siku za kungoja bila kujua zinaisha lini. Omba miadi ya asubuhi, usikae na tumbo la moto kutwa. Nenda na mtu. Na ukubali mapema kwamba wiki hiyo hutalala sawasawa. Wapo waliomaliza matibabu miaka 10 nyuma na bado usiku wa kuamkia kipimo wanahesabu dari. Nikuonye pia jambo ambalo mara nyingi hospitali husahau kulisema: picha za mwanzo baada ya upasuaji na mionzi huwa ngumu kusomeka, kwa sababu ya kovu na uvimbe wa mionzi. Ukiitwa urudie, au uongezewe ultrasaundi, usianze kuandika wosia.

Sasa hilo la kujibonyeza kutwa na kukimbia kipimo. Wewe unaliona kama kichekesho, mambo mawili yanayopingana. Mimi naliona ni jambo moja. Vidole, simu ya usiku, "hebu gusa hapa", picha ya utosini hadi unyayoni, yote hayo ni kuutafuta uhakika. Na kukimbia kipimo ni kuuogopa uhakika huohuo usije ukawa mbaya. Nisikufiche: uhakika wa asilimia 100 kwamba saratani haitarudi hakuna daktari anayeweza kukupa, leo wala baada ya miaka 20. Kinachopatikana ni mpango. Ujue nini kinafuatiliwa, na nani, lini, na dalili ipi inakupeleka kwa daktari leo na ipi inaweza kungoja. Kwa miezi yote hii umekuwa ukidai kile kisichokuwapo, na hiki kilichopo hujakiomba.

Wala hujaanza kuchanganyikiwa. Hofu ya ugonjwa kurudi ni moja ya malalamiko yanayosikika zaidi kwa waliotibiwa saratani, na kupanda kwake mara matibabu yanapokwisha kunaeleweka. Ulipokuwa kwenye dripu kila wiki ulikuwa unapigana, na watu wenye ujuzi walikuwa wakikutazama. Kisha ghafla ukaachiwa mwili wako uulinde peke yako, mwili uleule ambao mara ya kwanza haukukuambia kitu. Nani asingetetemeka kwenye gari?

Lakini hukuachwa mikono mitupu, na hapa ndipo nakuomba uketi vizuri. Kila kidonge cha tamoksifeni unachokimeza ni matibabu yanayoendelea. Kwa saratani zinazolishwa na homoni, uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za dunia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa miaka 5 ya dawa hiyo hupunguza uwezekano wa saratani kurudi kwa karibu nusu katika miaka ile ya kuimeza, kinga hiyo inaendelea kwa miaka kadhaa baada ya kuiacha, na vifo vya saratani ya titi hupungua kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Mionzi nayo, kwa aliyebakiziwa titi, hupunguza kurudi kwa karibu nusu. Kwa hiyo ukiniuliza kitu kimoja chenye nguvu unachoweza kukifanya kwa mkono wako, nitakuambia kumeza kidonge hicho kila siku. Kikikusumbua kwa joto la ghafla au viungo kuuma, mwambie daktari, msichoke kutafuta njia, na usikiache kimyakimya. Ukitokwa na damu ukeni isiyo ya kawaida, mweleze upesi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikukatika ghafla, hiyo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, maana dawa hii huweza, kwa wachache, kugandisha damu.

Namba yako wewe binafsi siwezi kukupa, na hizo unazozisoma usiku si zako. Inategemea ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani zilizokutwa na saratani, aina ya seli, vipokezi vya homoni. Daktari wako anazo. Muulize hivi: "Kwa mtu mwenye ugonjwa kama wangu, aliyepata matibabu kama yangu, uwezekano wa kurudi ni kiasi gani, na hizi dawa zimeupunguza kwa kiasi gani?" Wengi wakiisikia hugundua walikuwa wamejipa hukumu mbaya kuliko iliyoko kwenye faili. Kama hupendi kusikia namba, sema hivyo pia. Ni haki yako.

Kuhusu titi ambalo hukuliondoa: jilaumu kwa lingine kama lazima ujilaumu, hili halina msingi. Swali hilo lilipimwa sawasawa. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1976, wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliondolewa titi lote, wengine uvimbe tu, wengine uvimbe kisha mionzi. Nchini Italia ulifanyika utafiti wa namna hiyo hiyo. Matokeo ya miaka 20 ya tafiti zote mbili yalitoka mwaka 2002, na urefu wa maisha ulikuwa ule ule. Sababu yake ndiyo inayopaswa kukutuliza. Saratani inayokwenda kwenye mfupa au ini hutokana na seli zilizokwisha kutoka kwenye titi kabla ya kisu kufika, na hizo ndizo kemo na tamoksifeni zinazozisaka. Kuondoa titi lote hakuzifikii seli hizo zilizokwisha kuhama. Na aliyeondolewa yote bado anaweza kuota uvimbe kwenye ngozi au ukuta wa kifua.

Picha ya mwili mzima sasa. Najua inavyovutia, ungelipa, ungeingia kwenye mashine, ungetoka na karatasi. Huko huko Italia zilifanywa tafiti nyingine mbili zilizochapishwa mwaka 1994, zenye wanawake zaidi ya 2,500 waliotibiwa saratani ya titi. Nusu walifuatiliwa kawaida: daktari na picha ya matiti. Nusu nyingine waliongezewa vipimo vya mifupa na mapafu kila baada ya miezi kadhaa, na katika utafiti mmoja ini na damu pia. Waliopimwa sana hawakuishi muda mrefu zaidi. Mashine za leo zinaona zaidi kuliko za wakati ule na utafiti haujasimama, lakini miongozo mikubwa ya kitabibu bado inasema mtu asiye na dalili asipelekwe kwenye vipimo hivyo wala vya alama za saratani kwenye damu. Havina huruma, mwanangu. Huona kidoa kwenye ini ambacho umezaliwa nacho, kivuli kwenye pafu kilichoachwa na kifua cha zamani, namba ya damu iliyopanda bila sababu. Kisha unaanza miezi ya sindano na picha za kuthibitisha kwamba si kitu. Na ukitoka na karatasi safi, itakutuliza mpaka utakapokohoa.

Ufuatiliaji wenye maana ndio huo unaouona kuwa mdogo: daktari akupime kwa mikono na kukuhoji kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 katika mwaka wa 4 na wa 5, kisha mara moja kwa mwaka, pamoja na picha ya matiti kila mwaka. Hapo katikati mwenye kuangalia ni wewe, ila kwa kanuni, si kwa hofu.

Kanuni zenyewe. Chukua daftari. Maumivu au dalili mpya yoyote isiyo ya dharura, andika tarehe, mahali, na ukali wake. Kisha ingoje wiki mbili. Ikipungua au ikiondoka, ifute na ushukuru. Ikibaki pale pale au ikizidi, piga simu hospitali, hata kama miadi yako iko mbali. Hakuna daktari wa maana atakayekuona msumbufu kwa dalili iliyokaa wiki mbili. Mgongo unaokubana ukikaa sana na kukuachia ukinyooka una tabia za misuli. Unaotakiwa kutushtua ni ule usiojali umekaa au umelala, unaokuamsha usiku, unaozidi wiki hadi wiki. Kikohozi kisichokwisha, pumzi fupi, kukonda bila kutaka, tumbo kujaa upande wa ini, kichwa kinachouma kila siku na kuzidi, vyote hivyo viko kwenye kanuni hiyo au mapema zaidi vikiwa vikali. Macho kuwa ya manjano, donge jipya kwenye titi, kwapani au juu ya mtulinga, ngozi inayovutika ndani au upele mpya kwenye kovu, vioneshe wiki hiyohiyo. Na usingoje hata saa moja ukipata degedege, au mgongo ukiuma huku miguu ikilegea au mkojo ukigoma.

Halafu maumivu ya titi na kwapa lenyewe. Nchini Denmark mwaka 2009 waliwauliza zaidi ya wanawake 3,000, miaka miwili hadi mitatu baada ya upasuaji wa saratani ya titi, na karibu nusu walikuwa bado wanahisi maumivu maeneo hayo. Ni neva zilizokatwa, kovu linalovuta, mionzi iliyokaza nyama. Mafuta yaliyoharibika mahali pa kisu huweza hata kujikusanya yakawa donge dogo gumu. Ndiyo maana unahitaji daktari akuonyeshe mara moja, kwa vidole vyako juu ya mwili wako, "hili ni kovu, hili ni ubavu, hili ni lile gumu la mionzi." Hujawahi kuijua ramani ya kifua chako kipya, na kila siku unakishika kama cha mtu mwingine.

Ukishaijua ramani, jikague mara moja kwa mwezi. Kama bado unapata hedhi, siku chache baada ya kumaliza. Kama imekoma, chagua tarehe. Najua huwezi kuruka kutoka mara nyingi kwa siku hadi mara moja kwa mwezi kwa kuapa. Punguza. Anza na ile ya chooni kazini, iondoe kabisa. Wiki ijayo ondoa ya bafuni. Ya kitandani iwe ya mwisho, maana ndiyo iliyokushika zaidi. Mkono ukitaka kwenda, upe kazi nyingine na usubiri. Hamu hiyo hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe ikiwa hukuilisha. Kujibonyeza ni kama kukuna upele: unapata raha ya dakika, kisha unawasha kuliko mwanzo. Na kidole kinachobonyeza mahali pamoja kutwa hulitia mahali hapo maumivu, nawe unayachukua maumivu hayo kuwa ushahidi. Umeliandika mwenyewe kwenye barua, nami naamini nusu ya jibu lako ulikuwa nalo.

Mumeo mpe kazi mpya. Ukimwambia "gusa hapa", asiguse tena na asiseme hakuna kitu. Aseme, "Umeiandika? Tuitazame pamoja siku ikifika." Mwanzoni utamkasirikia. Vumilia. Naye ana hofu yake, usidhani anashusha pumzi kwa kukuchoka tu; mwanamume aliyekaa kwenye benchi la hospitali akikungoja hana pa kuiweka, na mara nyingi "mshukuru Mungu, usiwaze" ni dua yake mwenyewe aliyoigeuza kuwa amri. Shukrani na hofu hukaa kwenye kifua kimoja bila kugombana. Ila alipokuambia mawazo yako yataileta saratani, hapo amekosea, na mwonyeshe aya hii: hakuna ushahidi thabiti kwamba hofu au huzuni huirudisha saratani ya titi. Kinachoweza kuleta madhara ni kile ambacho hofu inakufanya ukiache, kama vile dawa, usingizi na miadi ya wiki tatu zijazo.

Tena "usiwaze" ni amri isiyotekelezeka. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, wagonge kengele kila akiwajia. Kengele ziligongwa sana, na walipoachiwa baadaye wamfikirie, alikuja kwa wingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Basi usijikataze. Ipe hofu saa yake. Chagua nusu saa kila siku, jioni lakini mbali na kitanda, ukae na daftari uogope kwa moyo wote: andika lile baya kabisa, hata watoto watalelewa na nani. Hofu ikija saa nne asubuhi, iambie saa yako bado. Itakuwa inarudi, nawe unaiahirisha tena. Watu wengi wakifika kwenye ile nusu saa hukuta hawana mengi ya kuandika, na yaliyobaki huwa ni mambo yenye kazi ndani yake, kwa mfano kuzungumza na dada yako kuhusu watoto. Hilo ni jambo la kufanya, lifanye, likwishe.

Kuna zoezi jingine dogo ambalo napenda kulisisitiza kuliko yote, kwa kuwa halihitaji uamini chochote. Kaa mahali usikie sauti kadhaa kwa pamoja, feni, gari mbali, watu wakiongea. Sikiliza moja tu kwa dakika kadhaa. Kisha hama upesi: feni, gari, watu, feni. Mwisho zisikilize zote kwa pamoja. Dakika 10 hadi 12, kila siku, unapokuwa umetulia. Halikusudiwi kukupumzisha, linakufundisha kwamba usikivu wako unaweza kuuhamisha wewe, hata huku kelele zikiendelea. Nchini Australia wataalamu waliliweka zoezi la aina hii kwenye programu ya vikao 5 waliyowafanyia majaribio watu 222 waliotibiwa saratani, wengi wao ya titi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha hofu yao ilipungua zaidi kuliko ya wale waliofundishwa kulegeza mwili tu. Ndani ya vikao hivyo mlikuwa pia na haya niliyokwisha kukuambia: kujikagua kwa kiasi, na kuuliza ni nini unakitaka kwenye maisha haya wakati hofu ingalipo. Tambua kwamba hofu yao haikufutika. Ilipungua ikawaachia nafasi.

Ndiyo maana swali lako la kuishi kama zamani silijibu vile unavyotaka. Kwa wengi hofu hupoa kadiri miaka inavyokwenda, kisha hupanda tena kwa siku chache penye kipimo, penye tarehe ya kugundulika, penye habari ya mtu. Simu iweke nje ya chumba cha kulala. Usiku hakuna jibu lolote kule ndani litakalokufaa. Tembea kwa miguu, ukiweza ufikie dakika 150 kwa wiki, maana mazoezi husaidia uchovu, usingizi na wasiwasi kwa pamoja.

Ukijaribu haya kwa wiki kadhaa na bado hulali, huli, huwezi kazi, au unaona afadhali usiwepo, mwambie daktari akutafutie mshauri nasaha au mwanasaikolojia; kwa hilo la mwisho usingoje hata siku moja. Akitaka kukupa dawa ya wasiwasi au sonona, mkumbushe kwamba uko kwenye tamoksifeni, kwa sababu paroksetini na fluoksetini huweza kuizuia isifanye kazi yake sawasawa mwilini. Zipo nyingine zisizoigusa sana.

Nimemwacha rafiki yako mwisho kwa kuwa ndiye uliyemwandika kwa mistari michache kuliko wote. Saratani yake haikuambii kitu kuhusu yako. Hata viti vyenu vingegusana, uvimbe wake ulikuwa na aina yake, seli zake, bahati yake. Ukimkimbia huondoi hatari yoyote, na unampoteza mtu ambaye sasa pengine anatazama simu zake zisizojibiwa na kuelewa vizuri kabisa kwa nini. Anaelewa, nakuhakikishia, naye alikuwa anajibonyeza. Huhitaji maneno mazuri. Mwandikie: "Nilisikia, nikaogopa, nikashindwa kupokea. Nataka kukuona. Siku gani huwa hujachoka?" Ukienda, usimwambie atashinda wala usimuulize alianza kuhisi nini, maana hilo la pili utakuwa unajiulizia wewe. Muulize dawa mpya zinamfanyaje, nani anambeba kwenda hospitali, anataka kuongea au kucheka. Usiku utakaporudi kutoka kwake hofu itapanda, iandike kwenye daftari kama dalili nyingine zote, na kesho yake endelea na saa yako ya jioni.

Majibu ya picha yakitoka niandikie, yawe vyovyote.

Shangazi